Nilimlipa wakala wa ajira Mbeya anihakikie vyeti: nilichokipata

Nawapa nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za kutafuta watu. Kwenye kuhakiki vyeti siwapi hata nusu. Naandika kwa urefu kwa sababu sisi wenye shule binafsi, zahanati, maduka ya jumla na nyumba za wageni hapa Mbeya tunauziwa huduma hii kila siku kwa maneno yaleyale: "Waombaji wetu wote vyeti vyao vimehakikiwa." Anayelipa ana haki ya kuuliza vimehakikiwa wapi, na jibu nililopewa mimi halikuniridhisha.

Jina la ofisi sitalitaja. Ipo ghorofani maeneo ya Kabwe, unapanda ngazi nyembamba pembeni ya duka la simu. Mimi naendesha shule ya awali na msingi upande wa Uyole, na kabla shule hazijafunguliwa Januari nilihitaji mwalimu wa darasa la tatu na karani wa ada. Kutangaza mwenyewe najua kunavyokuwa. Ukibandika tangazo asubuhi, jioni getini kumejaa bahasha za kaki, nyingine zimeletwa na wajomba na mashangazi wa waombaji, na mlinzi hajui aziweke wapi. Kwa hiyo kumlipa mtu apunguze rundo lile ni jambo la maana, na hapo wanastahili sifa. Ndani ya wiki ileile nilipata majina ya watu wanaoishi karibu, wanaopokea simu, waliokwisha kuambiwa mshahara wangu na kuukubali. Dada wa mapokezi ana adabu sana. Siku mvua ilipokuwa haikatiki alinipigia mwenyewe: "Mama, usihangaike kushuka mjini, faili nakuletea kwa bajaji." Na kweli lilifika, likiwa kavu.

Bei yao ina sehemu mbili: ada ya kutafuta mtu, halafu nyongeza ya shilingi 20,000 kwa kila jina kwa kile wanachokiita uhakiki wa kitaaluma. Nyongeza hiyo nililipa kwa kila jina lililofika hatua ya mwisho. Faili likaja limepangwa vizuri, na kila nakala ya cheti imegongwa mhuri wa bluu kwamba kimehakikiwa. Nilipopanda ofisini kwao nikamwuliza kijana anayeshughulika na mafaili, "Kaka, kabla ya kugonga huu mhuri mliuliza wapi?" Akanijibu bila wasiwasi, "Mama, hivi vyote vimepita kwa wakili."

Hapa ndipo waajiri wengi wa mji huu wanapopotezwa, na nataka nilieleze bila kulizungusha. Wakili anapogonga mhuri kwenye nakala, anathibitisha kwamba nakala hiyo inafanana na karatasi aliyoonyeshwa mezani kwake. Basi. Hajaandika barua Baraza la Mitihani, wala hajapiga simu chuoni, wala si kazi aliyolipwa kuifanya. Mtu akimpelekea cheti cha kughushi kilichochapwa vizuri, atapata nakala yenye mhuri halali wa wakili juu ya cheti cha kughushi, na wakili hana kosa. Wakala anayechukua nakala hiyo na kuongeza mhuri wake wa bluu hajaongeza chochote. Ni karatasi ileile, imegongwa mara mbili, na mara ya pili umetozwa elfu ishirini.

Nikarudi nyumbani na faili la karani, maana huyo ndiye angeshika fedha za wazazi. Alimaliza kidato cha nne 2016. Cheti chake kilionyesha C tano na D mbili katika masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, na chini kimeandikwa divisheni ya pili. Yeyote aliyewahi kukaa shuleni msimu wa matokeo ataanza kujumlisha bila kuambiwa. Kwa mtihani wa mwaka ule A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, na zinahesabiwa za masomo saba bora. C tano ni 15, D mbili ni 8, jumla 23. Divisheni ya pili inaanzia pointi 18 na kuishia 21. Pointi 23 ni divisheni ya tatu. Cheti kilikuwa kinajipinga chenyewe, na mtu aliyelipwa kukikagua hakujumlisha namba saba.

Nikafungua tovuti ya Baraza la Mitihani kwenye simu. Kwa wasioifahamu: matokeo ya kidato cha nne ya miaka mingi yamewekwa pale wazi, bure, yamepangwa kwa mwaka na kwa shule. Unachohitaji ni namba ya mtihani iliyoandikwa kwenye cheti: herufi S, tarakimu nne za shule, kisha tarakimu nne za mtahiniwa, kisha mwaka. Aliyefanya kama mtahiniwa wa kujitegemea herufi yake ni P. Ukifungua ukurasa wa shule unashuka mpaka kwenye namba ile, na mbele yake unaona jinsia, jumla ya pointi, divisheni, na alama za kila somo. Namba ya kijana yule ilikuwepo na shule ilikuwepo. Alama zake zilikuwa C mbili na D tano katika yale saba bora, pointi 26, divisheni ya nne. D tatu zilikuwa zimegeuzwa C, halafu divisheni ikaandikwa kwa kukisia. Kazi yote hiyo niliifanya uji wa watoto ukiwa bado jikoni.

Sina ugomvi na divisheni ya nne. Ninaye mpishi hodari na mlinzi ninayemwamini ambao hawakufika hata huko, na kama kijana yule angeleta cheti chake kama kilivyo ningemsaili kama wengine, maana nafasi ya karani niliitangaza kwa aliyemaliza kidato cha nne na anayejua hesabu za kawaida. Ila mtu aliyebadilisha alama tatu kwenye karatasi ya serikali siwezi kumkabidhi kitabu cha stakabadhi. Wazazi wangu wengi ni wakulima wa viazi wa huko juu Uporoto na wafanyabiashara wadogo wa soko la Uyole. Wanalipa ada kwa vipande, leo elfu hamsini, mazao yakitoka laki moja, na hawana mtu wa kuwatunzia hesabu isipokuwa karani wetu. Mama mmoja akiambiwa amelipa laki mbili wakati amelipa tatu, neno lake litashindana na maandishi ya nani?

Nilipowapigia wakala simu, jibu la kwanza lilikuwa kwamba labda mtandao wa Baraza umekosea. La pili ndilo lililoniuma: "Kwani Mama, si ni karani tu?" Nimelisikia neno hilo kwa waajiri wengi, si kwa wakala peke yake. Watu wanadhani cheti cha kuangaliwa ni cha daktari na rubani. Lakini aliyeghushi kidato cha nne akaingia kazini leo, baada ya miaka mitano atakuwa mkuu wa kitengo kwa kuongezewa majukumu, na hapo ndipo atakapoanza kuwasaili wengine.

Kosa lao la pili ni zito kuliko la kwanza, kwa maoni yangu, kwa sababu lilimwangukia mtu asiye na hatia. Kwenye faili la walimu kulikuwa na jina limepigwa mstari kwa kalamu nyekundu, pembeni wameandika "cheti kina mashaka". Niliwauliza mashaka gani. Wakasema cheti cha kidato cha nne cha binti huyo hakina divisheni, kimeandikwa Merit, na cheti cha sekondari cha Tanzania hakiandikwi hivyo.

Binti alimaliza 2014. Mwaka ule matokeo ya kidato cha nne yalitolewa kwa mfumo wa wastani wa alama, na madaraja yakaitwa Distinction, Merit, Credit na Pass. Mfumo haukudumu. Mwanzoni mwa 2016 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, aliagiza turudi kwenye divisheni. Kwa hiyo cheti cha 2014 chenye Merit ndicho kilivyopaswa kuwa, na kama angeleta cha mwaka huo chenye divisheni ya pili, hapo ndipo pangekuwa na la kuuliza. Ofisi inayojiita ya uhakiki wa taaluma haijui jambo ambalo kila mwalimu wa sekondari aliyekuwa kazini miaka ile analikumbuka, maana wazazi walikuwa wanakuja ofisini kuuliza Merit ni kufaulu au kufeli.

Wapo na wa 2012, niliongeze na hilo. Matokeo yao yalitangazwa Februari 2013, watoto wengi mno wakafeli, yakafutwa, yakapangwa upya na kutangazwa tena Mei. Mtu aliyebaki na karatasi aliyochapisha Februari ana alama tofauti na zilizo kwenye cheti chake, na hajaghushi kitu. Mhakiki asiyeijua historia hii atawaumiza watu.

Binti nilimpigia mwenyewe. Anakaa Mbalizi na mama yake. Alikuwa amekwishaambiwa na wakala kwamba "hakukidhi vigezo", bila kuelezwa kigezo kipi. Hebu fikirini: umesoma, umefaulu, una cheti halali na stashahada ya ualimu kutoka chuo cha Rungwe, halafu mtu aliyelipwa ili akulinde dhidi ya wanaoghushi ndiye anayekuita mghushi kimyakimya, na ungeendelea kuomba kazi kupitia ofisi ileile kwa miaka bila kujua jina lako limepigwa mstari mwekundu.

Kuna na hili la majina, ambalo huku kwetu linasumbua. Majina yetu ya Mwa- yana urefu, na katika safari ya darasa la saba mpaka chuo L hugeuka R, au herufi hudondoka, au binti akaolewa na kitambulisho cha taifa kikatoka na jina la mume. Tofauti ya namna hiyo inatatuliwa kwa hati ya kiapo au kwa kubadilisha jina kisheria, na kumwomba mtu ailete. Wakala alikuwa na majina mawili ya namna hiyo, yote aliyatupa.

Sasa nirudi kwenye tovuti ya Baraza, maana nisingependa mtu asome hapa akadhani simu yake inamtosha. Inatosha kumnasa aliyebadilisha alama. Haitoshi kumnasa aliyeazima cheti. Kwenye kurasa za kidato cha nne nilizofungua jina la mtahiniwa halipo, ipo namba na jinsia tu. Mtu akija na cheti halisi cha kaka yake, alama zitalingana, pointi zitalingana, divisheni italingana, na aliye mbele yako si yeye.

Na hilo si la kufikirika. Aprili 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma zaidi ya 400,000. Wengi tunaikumbuka idadi ya walioghushi, 9,932, ambao waliamriwa waondoke kazini. Idadi nyingine kwenye ripoti ileile ilisemwa kwa sauti ndogo zaidi: vyeti 1,538 vilivyokuwa vinatumiwa na watu zaidi ya mmoja, jumla watumishi 3,076. Yaani karatasi halali, iliyotolewa na Baraza lenyewe, mtu mmoja anafundisha nayo mkoa huu na mwingine anauguza nayo mkoa ule. Watu hao walikuwa wameajiriwa, wamethibitishwa kazini, wamepandishwa madaraja. Wengine walikuwa wamekaribia kustaafu. Kila mmoja wao alipita kwa mwajiri aliyetazama cheti na kusema kiko sawa.

Nakumbuka zahanati za vijijini zilivyobaki na muuguzi mmoja mwaka ule, na madarasa yaliyounganishwa. Mwaka 2022 Serikali ilikubali kuwarudishia walioondolewa michango yao wenyewe ya hifadhi ya jamii, na niliona ni haki, kwa sababu kazi waliifanya na makato yalikatwa. Ila gharama ya mwajiri kutouliza siku ya kwanza ilikwishalipwa na wagonjwa na watoto.

Ninachofanya mimi kwa mtu aliyefika mwisho ni hiki. Namtaka aje na vyeti halisi mkononi, si nakala. Vyeti vya miaka ya karibuni vina picha ya mtahiniwa, namtazama na kuitazama, na naomba na kitambulisho cha taifa. Namwuliza shule aliyosoma: mkuu alikuwa nani, bweni liliitwaje, maji walichota wapi. Aliyesoma Loleza au Iyunga atakuambia mambo mpaka umnyamazishe. Kisha nampigia mkuu wa shule, na hao wakuu nawashukuru, mara nyingi hufungua daftari la wanafunzi bila kinyongo. Mwisho naandika barua Baraza la Mitihani, Kijitonyama, nikiambatisha nakala na ridhaa ya mwombaji mwenyewe, na mkataba wa kwanza una kifungu kwamba ajira itategemea jibu hilo. Kwa walimu wa cheti na stashahada Baraza linasaidia pande zote mbili, kwa kuwa mitihani ya ualimu nayo ni yao. Kwa stashahada za fani nyingine ni NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na stashahada, kwa shahada ni chuo chenyewe, na aliyesoma shahada nje ya nchi anapaswa kuwa na utambuzi wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu.

Serikalini huko wamekwishafika. Anayeomba kupitia Sekretarieti ya Ajira anajua karatasi za matokeo ya muda hazipokelewi. Mabenki nayo huwa yanauliza, kwa ninavyowasikia waliopita huko. Sisi wa chini ndio tumelala. Nimeongea na wenzangu wa maduka ya jumla Mwanjelwa na wenye nyumba za wageni barabara ya kwenda Tunduma, na wengi wameniambia hawajawahi kumwuliza mtu yeyote juu ya cheti chochote. Wanakiweka kwenye faili ili faili lisiwe tupu. Wenye malori wana nafuu, kwa sababu dereva anapewa lori aliendeshe wakamwona. Cheti cha mhasibu hakiendeshwi barabarani.

Na vijana wenye vyeti halali ndio wanaolipa. Mji huu una Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST), una tawi la Chuo Kikuu Mzumbe, una la Taasisi ya Uhasibu (TIA), una vyuo vya afya na ualimu pande zote. Kila mwaka wanatoka vijana ambao wazazi wao waliuza ng'ombe na shamba la parachichi, na asubuhi unawaona Mafiati kwenye bodaboda wakiwa na shahada nyumbani. Mwajiri asipouliza, kijana huyo anashindana na mtu ambaye cheti chake kimetengenezwa kwa jioni moja kwenye kompyuta, kikiwa na alama nzuri kuliko zake. Hilo linanikera kuliko hasara ya elfu ishirini.

Jambo jingine kuhusu ofisi ile, na hili walirekebishe haraka. Nakala za vyeti na vitambulisho vya waombaji zimelundikwa mezani mbele ya kila anayepanda ngazi, na nyingine wanazituma kwenye makundi ya WhatsApp ya waajiri. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Cheti kilichosambazwa hivyo ndicho mtu mwingine anakiokota na kukigeuza chake.

Ukitaka kuwatumia, watumie kwa kutafuta watu na kupanga usaili, hapo hela yako haipotei. Nyongeza ya uhakiki usilipe mpaka wakuonyeshe barua ya taasisi iliyotoa cheti, yenye jina la mwombaji wako. Mimi niliomba nirudishiwe fedha za majina mawili, la karani na la mwalimu. Ya karani wamenirudishia, na kaka wa mafaili aliomba radhi kwa heshima. Ya mwalimu wamekataa, wanasema yule walimhakiki kweli na majibu yao wanayasimamia. Barua ya Baraza juu yake imenifikia, alama ni zilezile, daraja Merit, 2014. Nimewapelekea nakala kwa ridhaa yake na bado nawadai.